Vyungu vya Nukta Mbili

Karani alichomeka kijiti cha kupimia ndani ya chungu cha tano, akakitoa, akatazama maji yalipoishia. Akadhani amekosea. Akakifuta kijiti kwa pindo la sketi, akakichomeka tena, safari hii polepole, mpaka ncha ikagusa kitako cha chungu. Jibu likawa lile lile. Kwa saa moja tu, lita nne na nusu zilikuwa zimepita na kuingia kwenye ndoo iliyokuwa chini.

Akafungua daftari. Kwenye mstari wa Ijumaa, kwa mwandiko wake mwenyewe, ule mwandiko mzuri uliofanya shule nzima imwite Karani, paliandikwa: chungu cha tano, lita mbili na robo.

Tatizo ni kwamba Ijumaa hakupima. Alhamisi pia hakupima. Kwa siku kumi na moja za shule hakuwa amekanyaga kibanda kile cha nyuma ya madarasa, kwa sababu saa ya kupima vyungu ilikuwa ndiyo saa ya mazoezi ya mpira wa pete. Alikuwa akijaza daftari akiwa amekaa kwenye ukingo wa uwanja, viatu vya mpira mguuni. Na hakuwa mjinga. Leo alipandisha namba kidogo, kesho akaishusha kidogo, ili isionekane kama imenakiliwa.

Sasa mashindano yalikuwa yamekwisha, naye alikuwa amerudi kibandani akitaka kumaliza siku mbili zilizobaki kati ya thelathini za majaribio kwa uaminifu. Kumbe vyungu navyo vilikuwa na habari zao.

Vyungu vile havikuwa vya kupikia. Vilikuwa vya kuchujia maji. Mfinyanzi mmoja kutoka nchi ya mbali, ambaye watoto walimwita Mama Udongo, ndiye aliyewafundisha: udongo unachanganywa na kitu kinachoungua, chungu kinachomwa, kile kitu kinateketea na kuacha vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Maji yanapita, uchafu unabaki. Kwao walizoea kutumia pumba za mpunga, lakini pumba zilikuwa zimeadimika. Huku, maseremala walikuwa wakitupa unga wa mbao kila siku. Basi nchi hizo mbili zikapatana. Mama Udongo alete ufundi wake. Shule hii ijaribu unga wa mbao, ipime, na iwapelekee majibu pamoja na unga wenyewe.

Vilikuwepo vyungu tisa. Vitatu vilitobolewa alama ya nukta moja ubavuni, isiyopenya ndani, navyo vilikuwa na unga kidogo. Vilivuja taratibu mno, mtu angekufa kwa kiu akivisubiri. Vitatu vya nukta tatu vilikuwa na unga mwingi, na tangu siku ya kwanza maji yalipita mbio. Vitatu vya katikati, vya nukta mbili, ndivyo vilivyoonekana sawasawa: lita mbili hivi kwa saa. Maji ya majaribio yalimwagiliwa bustani, hayakunywewa na mtu.

"Maji yakipita mbio yanakuwa hayajachujwa," Mama Udongo aliwaambia mara nyingi. "Yametembea tu ndani ya chungu na kutoka na wadudu wake."

Karani alipima chungu cha nne na cha sita, navyo vya nukta mbili. Kimoja lita nne. Kingine karibu tano. Alikinyanyua cha tano kwenye mwanga na kuona ubavuni ufa mwembamba kama unywele; vile vingine viwili navyo vilikuwa nao.

Akashika kalamu. Kama angeandika nne na nusu chini ya mbili na robo, kila mtu angeuliza imekuwaje kwa siku mbili tatu. Akaandika: lita mbili na robo. Mkono wake ulikuwa umeshazoea, na hilo ndilo lililomtia hofu.

Jioni ile nyumbani mama yake, ambaye alikuwa fundi cherehani, alitandaza kitambaa cha mteja juu ya meza.

"Hebu nisomee vipimo vya yule nesi," alisema, chaki ikiwa katikati ya meno.

"Kiuno thelathini na mbili. Urefu arobaini na moja."

Mama akachora mistari miwili, na mkasi ukaingia kwenye kitambaa hapo hapo.

"Mama, huhakikishi kwanza?"

"Nihakikishe nini, mwanangu? Si kimeandikwa?"

Karani akasema anaumwa tumbo, akaenda kulala bila kula.

Kesho yake, Jumanne, Mwalimu wa Sayansi aliingia darasani akiwa ameshika simu juu kama kombe. "Tulieni! Kuna barua kutoka shule ya kule kwa Mama Udongo."

Akaisoma taratibu. Wanafunzi wa kule walikuwa wamefinyanga vyungu themanini kwa mchanganyiko wa nukta mbili, wakavikausha kivulini kwa wiki mbili, wakisubiri kuona kama namba zitashika. Kila Ijumaa mwalimu alikuwa akiwatumia picha ya daftari. "Namba zimeshika," barua ilisema. "Alhamisi asubuhi tunawasha tanuri. Kila darasa litapata vyungu vyake vya maji ya kunywa. Mshukuruni sana mwenye daftari."

Darasa zima likapiga makofi. Kicheko, rafiki yake wa dawati moja, alimpiga kofi la mgongoni. "Karani wa mataifa! Ukienda huko unichukue nikubebee kalamu."

Karani alitabasamu. Uso ulimuuma kwa kutabasamu.

Saa ya mapumziko alimvuta Kicheko nyuma ya tangi la maji. "Unakumbuka nilikuwa najaza lile daftari uwanjani?"

"Nakumbuka. Mpaka nikakuuliza, hivi una macho ya kuona vyungu kutoka huku?"

"Vile vya nukta mbili vimepasuka. Vinapitisha maji mara mbili ya nilivyoandika."

Kicheko, ambaye kicheko chake ndicho kilichompa jina, safari hii hakucheka. "Nyamaza," alisema. "Tena nyamaza kabisa. Nchi yenyewe hata hatuijui ilipo. Labda vyao havitapasuka."

"Na vikipasuka?"

"Ah, mimi nitajuaje? Usinitie kwenye balaa lako."

Karani akanyamaza siku nzima. Lakini kila alipokwenda kunywa maji alimwona akilini mtoto asiyemjua, mdogo, ameshika kikombe kwa mikono miwili, akisubiri maji yadondoke kutoka kwenye chungu chenye ufa kama unywele. Mtoto huyo alikuwa anamwamini mwenye daftari. Hilo ndilo lililomkosesha raha kuliko adhabu yoyote ya mwalimu.

Jumatano baada ya vipindi alikwenda kibandani. Mama Udongo alikuwa anakanda udongo juu ya meza, mikono imezama mpaka kwenye viwiko. Kiswahili alikuwa amejifunza kwa miezi minne tu, na alikisema polepole, kama mtu anayevuka kijito kwa kukanyaga jiwe baada ya jiwe.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Leo umewahi."

"Mama, namba si za kweli."

Mama Udongo aliendelea kukanda. "Namba zipi?"

"Za siku kumi na moja. Na za juzi na jana pia, nilipima lakini nikaandika uongo. Nilikuwa mpirani. Nilibuni." Kisha maneno yakamtoka yote kwa pamoja, ufa, lita nne na nusu, barua, tanuri, na machozi yakaja nyuma yake.

Mama Udongo alisimama na mikono yake ya udongo, hakumgusa, hakumgombeza. Aligeuka akatazama vyungu tisa.

"Ulie baadaye," alisema. "Kwanza tupime."

Wakavijaza vyungu vyote tisa mpaka ukingoni, wakavifunika. Saa moja ya kusubiri ilikuwa ndefu kama mwezi. Mama Udongo alimpa donge la udongo akande, ili mikono isikae bure.

"Mwezi uliopita alikuja bwana mmoja wa ofisini na fomu," alisema. "Swali la kwanza: ushirikiano wa nchi zetu umeimarika? Weka tiki. La pili: mikutano mingapi imefanyika? Nikamwambia, bwana, mimi sitaki tiki. Nataka lita. Akacheka, akadhani natania."

Karani aliendelea kukanda donge lake.

"Nchi yangu haina mengi ya kutoa. Yenu pia. Sisi tumeleta mikono, ninyi mmetoa unga wa mbao na daftari. Zaidi ya hapo hakuna kitu kingine, mwanangu. Hakuna tajiri nyuma yetu wa kutulipia turudie tukikosea."

Saa ilipotimia walipima. Nukta mbili: nne na robo, nne na nusu, tano. "Unga umezidi, ndiyo maana vimepata ufa," alisema Mama Udongo. Safari hii Karani aliandika kilichoonekana kwenye kijiti, na Mama Udongo alikwenda kumwita Mwalimu wa Sayansi.

Mwalimu alisikiliza akiwa amesimama mlangoni. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Nimetuma picha hizo mimi," alisema kwa sauti ya chini. "Ijumaa tatu mfululizo. Sikuja hata siku moja kuangalia kijiti." Kisha akamgeukia Karani. "Ila siwezi kuwaambia kwa niaba yako. Utasema mwenyewe, Mama Udongo atatafsiri."

Simu ilipigwa. Upande wa pili alipokea mwalimu wao, kisha akaitwa msichana aliyetunza daftari lao. Karani alisema polepole, sentensi kwa sentensi. Kila baada ya sentensi Mama Udongo aligeuza maneno yale kuwa lugha ya kule, na katika lugha ile ngeni Karani alisikia uongo wake ukisemwa kwa mara ya pili.

Upande wa pili, kwa mbali, ilisikika sauti ya shoka likipasua kuni.

Kisha yule msichana akaongea kwa haraka na kwa ukali. Mama Udongo akatafsiri bila kupunguza kitu. "Anasema wametembea siku tatu kubeba udongo. Anasema mdogo wake amefinyanga kimoja na kukichora ndege. Anauliza, mpira huo mlishinda?"

Karani aliinamisha kichwa. "Mwambie tulishindwa."

Mwalimu wa kule akaingilia kati, wakazungumza na Mama Udongo kirefu. Hatimaye shoka likanyamaza.

"Hawatawasha," alisema Mama Udongo. "Vyungu vyao bado ni vibichi. Vikilowekwa vinarudi kuwa udongo, kisha wataongeza udongo mwingine ili unga upungue. Vingechomwa visingerudi. Wiki mbili zao zimekwenda, lakini watoto hawatakunywa maji ya ufa."

Yule msichana alisema jambo moja zaidi, taratibu kidogo.

"Anauliza, namba za siku kumi na saba za mwanzo ni za kweli?"

"Ni za kweli. Nilizipima zote."

Maneno yakaenda na kurudi. "Anasema hizo ataziamini. Zinazofuata, kila siku umtumie na picha ya kijiti, kidole chako kikiwa pale maji yalipoishia."

Uso wa Karani uliwaka moto. Mtoto ambaye hajawahi kumwona alikuwa amemwekea ulinzi. "Mwambie sawa," alisema.

Simu ilipokatika, alishika kurasa zile za daftari akitaka kuzichana. Mwalimu akaweka kiganja juu yake.

"Hapana. Pale ulipobuni, piga mstari mmoja uandike: sikupima. Pale ulipopima ukaandika uongo, andika kipimo halisi kama unakikumbuka." Akakaa kwenye benchi, akionekana amechoka. "Sikiliza, Karani. Kila mtu hukosa kupima siku moja moja. Ukiandika sikupima, mwenzako aliye mbali anajua pana pengo, atajihadhari. Ukiandika uongo anajenga juu yake. Watu wasio na vingi wakisaidiana, kinachowafikisha mahali ni mmoja kuweza kutumia neno la mwenzake kama lake. Wewe umelivunja hilo, na mimi sikulilinda. Tutalirudisha kidogo kidogo, kwa kijiti."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na kuanzia kesho tutapima wawili. Mimi nitashika saa."

Mlangoni pakasikika mtu akikohoa kwa makusudi. Alikuwa Kicheko, ambaye bila shaka alikuwa amesimama pale muda mrefu. "Shikamooni. Nimesikia kuna udongo wa kukanda."

"Marahaba. Nawa mikono," alisema Mama Udongo. "Tunatafuta mchanganyiko wa katikati, kati ya nukta moja na mbili."

"Nukta moja na nusu! Sasa hiyo nusu tutaitoboaje?"

Hata Karani alicheka kidogo.

Walikanda na kufinyanga mpaka jua likashuka nyuma ya ukuta wa uzio. Vyungu viwili tu ndivyo vilivyosimama, kimoja kimeinama upande kama mlevi. Mama Udongo alisema saba vilivyobaki ili vitimie tisa vipya ni vya kesho, akafunika udongo kwa gunia lililoloweshwa usije ukakauka. Karani alikaa kwenye benchi na daftari mapajani. Kila siku ilikuwa na visanduku tisa, na siku zilikuwa kumi na moja. Aliandika: sikupima. Akaandika tena: sikupima. Alipofika kisanduku cha ishirini na sita giza lilikuwa limeingia, hakuweza tena kuona mistari. Akaweka kalamu katikati ya kurasa pale alipofikia, akafunga daftari, akaenda nyumbani.