Mota Aliyodai Kuishika

Yaliyompata rafiki yetu Ognyan, fundi umeme wa kinu cha mafuta ya alizeti huko Dobrich, huyasimulia akiwa ameinamisha uso. Kidhibiti cha mota ya feni kilizimika na kuonyesha msimbo wa hitilafu: mhimili umekwama. Kanuni ya ofisi humtaka fundi aikague mota kwa macho yake mwenyewe, kana kwamba angeweza kuazima macho ya jirani. Ognyan aliogopa giza la ghala la chini, ilikofungwa mota, akabonyeza tu kitufe cha kufuta msimbo.

"Umeiona mota, mwanangu?" aliuliza msimamizi, mzee Stamen.

"Nimeishika kabisa, mzee. Nzima."

Msimbo ukarudi. Ognyan akateremka kimyakimya na tochi. Mota na feni yake hazikuwepo. Zilibaki boliti nne tupu, na nyaya zilizofungwa tepu zikining'iniza kibandiko cha ofisi: mota imepelekwa kusukwa upya nyaya zake za ndani. Uso ukamwaka kwa aibu. Atamwambia nini mzee aliyemwamini?

Hapo mngurumo ukaanza gizani, taratibu, kisha kwa kasi.

"Hongera, mwanangu!" Stamen akapaza sauti kutoka juu. "Inazunguka!"

Upepo wa moto ukampiga Ognyan usoni, ukitokea kwenye zile boliti nne.