Nusu ya Maneno ya Daktari

Lifti ya jengo la maduka ilikuwa imekwama, imejaa watu. Fundi wa lifti alipoufungua mlango, wa kwanza kutoka alikuwa mwanamke mshonaji mwenye kilemba chekundu, kabeba gauni jeupe la bibi harusi.

"Shika hapa," alimwambia. "Likigusa sakafu nakushona wewe."

"Nishone tu. Mpasuko ninao."

Zikaanza simu. Fundi alipiga akiwa juu ya paa, mshonaji akapokea huku kabana pini midomoni. Hakumficha ugonjwa wake: kinga ya mwili huigeukia mishipa yake ya fahamu, vidole vikafa ganzi, macho yakafifia. Dawa ndiyo iliyoutuliza.

Jumapili moja fundi alimpakata mtoto wa dada yake mchana kutwa. Mshonaji alitazama tu. Daktari alikuwa amemwambia kwamba ugonjwa haumzuii kuzaa, ila dawa ile haifai kwa mimba. Akitaka mtoto, wapange pamoja namna ya kuibadilisha. Yeye alibeba nusu ya maneno hayo. Akaacha dawa, kimya.

Haukupita mwezi, akashona mikono ya gauni kinyumenyume, na mteja akacheka. Asubuhi iliyofuata jicho la kushoto liliona ukungu. Akajifungia chumbani, cherehani imefunikwa shuka, simu ikilia mpaka inachoka.

Fundi akaamini mshonaji amepata mwanamume mwingine. Alimwandikia kwamba huyo aliyempata ana bahati.

Ndipo mshonaji akapiga.

"Hakuna mwanamume. Niliacha dawa. Nilitaka nikuzalie."

Upepo wa paani ulivuma simuni.

"Nani alikutuma?"

"Ulivyompakata yule mtoto."

"Dada alikuwa hajalala siku mbili, mpenzi. Nilimpokea apumzike."

"Kwa hiyo humtaki mtoto?"

"Namtaka. Sikudanganyi. Lakini si kwa gharama ya macho yako."

Fundi alimsindikiza kliniki. Daktari alimgombeza kwa upole, akamwanzishia matibabu, akasema mwili utulie kwanza, kisha watatafuta dawa inayopatana na mimba. Watu wengi wenye ugonjwa huu huzaa, alisema, lakini ahadi hakutoa.

Walikaa kwenye benchi la nje.

"Nataka nikuoe," fundi alisema.

"Na mtoto asipopatikana?"

Alichelewa kidogo kujibu.

"Basi tutakuwa wawili."

Mshonaji alikusikia kule kuchelewa, na akajua hakutaondoka. Akasogea, akamwegemea hivyo hivyo.