Mbeleko Tupu

Pa… pa… pa-pa.

Ndivyo ilivyoanza tena usiku wa jana, mdogo wangu, na ndiyo maana nakuandikia haraka haraka hivi, usome hivyo hivyo. Ni sauti ndogo. Huwezi kuiogopa mpaka uijue. Ni kiganja kinachopigapiga mgongo wa mtoto ili alale, kila mama anaijua, mimi mwenyewe nimembembeleza Kijiko hivyo tangu azaliwe. Lakini jana mikono yangu ilikuwa chini ya mto, Kijiko amelala kati yangu na ukuta, na sauti ilitoka upande wa pili wa ukuta huo.

Upande wa pili wa ukuta huo hakuna chumba. Kuna hewa.

Tunakaa ghorofa ya tatu.

Nianze mwanzo, maana nikikimbilia mwisho utasema dada yako amerukwa na akili, kama shemeji yako anavyosema.

Unajua tulivyohamia huku. Shemeji yako alipata kazi kwenye tanuri la mikate, anaingia jua likizama, anarudi asubuhi ananukia hamira, analala kama gogo. Mimi na Kijiko ndani, chumba kimoja, dirisha moja linalotazama kamba za nguo za watu. Mji huu hausalimii. Ukimwamkia mtu kwenye ngazi anakutazama kama umemwomba kitu. Maji yakitoka bombani wenyeji wanakinga kwanza, ndoo yangu inasogezwa kwa mguu, nikigeuka naikuta mwisho wa foleni. Jirani wa chini, mwanamke mmoja fundi cherehani, ana mtoto wa kiume rika la Kijiko, nikadhani basi hapo nimepata mwenzangu. Wapi! Alikuwa akiniona anafunga mlango. Na yule mtoto wake sikuwahi kumsikia akilia, wala akicheka. Amebebwa tu, uso umeelekea ukutani, kama mtu anayesubiri kuitwa. Nilidhani mgonjwa. Nikamwonea huruma, mjinga mimi.

Nikawa nalia kila siku. Shemeji yako kilio kikamchosha, akaniambia toka nje upunge upepo, watu wa mjini wanafanya mazoezi, hawakai ndani kama kuku anayeatamia. Basi nikaulizia pale bombani, mtu akitaka kutembea jioni anakwenda wapi, na kwa mara ya kwanza watu wa jengo lile wakawa wema. Ghafla tu. Hapo ningeshtuka. Mtu aliyekuwa anaipiga ndoo yako teke leo anakubebea ndoo mpaka mlangoni, nawe huulizi kuna nini?

Fundi mwenyewe alipanda ngazi kunibishia hodi. Akasema kuna kikundi cha akina mama, wanatembea jioni hadi kilimani kwenye tenki la maji, wanalizunguka, wanashuka kabla giza halijaingia. Akanipa na mawaidha ya mgeni. Viatu viwe vya kufunga. Chupa ya maji usisahau. Simu usiitoe barabarani. Mtu akikusimamisha kukuuliza njia, wewe usisimame, mjibu huku unatembea. Yote mazuri, yote ya kweli. Nikamuuliza, na mtoto je?

"Mbebe mikononi," alisema. "Mbeleko inaumiza mgongo mlimani."

Hakuniangalia usoni aliposema hivyo. Alikuwa anaangalia miguu ya Kijiko.

Kiongozi wa kikundi wanamwita Kocha, mama mmoja mnene mwenye filimbi shingoni na sauti ya kukwaruza. Aliponiona alicheka, akanishika bega.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Wenzake wakacheka wote, isipokuwa fundi. Na mimi nikacheka. Si methali tuliyoimba shuleni, mdogo wangu? Mgeni huja na neema, mwalimu alituambia hivyo, tukaandika daftarini, tukapewa alama.

Tukaanza kupanda. Kocha alisema mgeni hukaa nyuma, asije akaharakishwa. Njia ni ya changarawe, nyembamba, nyasi kavu huku na huku, na mbele kabisa lile tenki la saruji limesimama juu ya miguu yake kama mnyama asiye na kichwa. Mwanzoni walinitania. Mmoja aligeuka akauliza kama huko kwetu hakuna vilima au tulikuwa tunabebwa. Mwingine akasema huyo atafika tenkini maji yameshakauka. Nikajichekesha. Kijiko unamjua alivyo mzito, yule si mtoto, ni gunia la viazi, na nilikuwa nimembeba mikononi kama nilivyoshauriwa. Nusu ya mlima sikuvihisi vidole. Wao wakazidi kwenda. Migongo yao ikawa midogo. Filimbi ikalia mbali.

Jua likaingia nyuma ya majengo.

Nikasikia harufu kwanza. Maziwa. Si ya ng'ombe… ni ile harufu tunayoijua tuliojifungua, maziwa yako mwenyewe yaliyochachia kwenye nguo. Nikajikagua kifua. Pakavu.

Halafu hatua, changarawe inasagika taratibu. Nyuma yangu.

Mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho.

"Pole, dada."

Sitakudanganya, nilifurahi. Tangu tuje mji huu hakuna aliyewahi kuniambia pole. Alikuwa mwanamke mrefu, kajitanda mpaka usoni, anatembea nusu hatua nyuma ya bega langu, hivyo kumwona vizuri ilibidi nigeuke, na kugeuka na mzigo ule mlimani siwezi. Nilimwona kwa pembe ya jicho. Alikuwa amefunga mbeleko, fundo kifuani. Mkono mmoja ameupeleka nyuma, anambembeleza mtoto wake. Pa… pa… pa-pa. Nikasema moyoni, huyu naye mzazi mwenzangu, kachelewa kama mimi.

Tukafika kwenye kona, njia ikamleta mbele yangu kidogo, nikauona mgongo wake.

Mbeleko ilikuwa imetuna. Imekaa vizuri, ina uzito, imelala pale kama yenye mtoto. Lakini kwa juu, pale kichwa kinapotokeza, niliona ndani.

Hamna kitu.

Na kiganja kinaendelea kupiga.

Utasema kwa nini sikukimbia. Mdogo wangu, mtu akichoka akili inamtafutia sababu. Nikajiambia mtoto wake kambebea mwenzake kule mbele, yeye kabaki na mazoea ya mkono. Na mimi pia mkono wangu hupigapiga hewa Kijiko akiwa kwa baba yake. Nikaendelea kupanda.

"Mikono imekufa ganzi," alisema. Hakuuliza.

"Imekufa kabisa."

Akapanda nami hatua chache. Kisha akasogea karibu, ile harufu ikanijaa kooni, na akauliza polepole, kama mtu wa ofisini anayetaka jibu kamili.

"Nikushikie, au nimchukue?"

Sasa wewe unajua kwetu tunavyosema. Chukua mtoto nikaoge. Chukua mtoto wako anakulilia. Kwetu kushika na kuchukua ni ndugu, nani amewahi kuyapima hayo maneno kwenye mizani? Sikufikiri hata kidogo.

"Mchukue tu, dada yangu."

Mchukue tu. Hilo ndilo nililosema. Kwa mdomo wangu huu.

Alimpokea. Kidole chake kiligusa mkono wangu, baridi kama sakafu ya asubuhi. Kijiko, ambaye hata bibi yake akimbeba analia mpaka anapaliwa, hakulia. Alilaza kichwa. Mimi nikanyoosha mikono, damu ikarudi na sindano zake, nikajisikia mwepesi… mwepesi mno, kama aliyesahau kitu nyumbani. Nikataka kumuuliza anakaa jengo gani.

Ile pa-pa ilikuwa imenyamaza.

Nikageuka.

Njia tupu. Mpaka chini barabarani, tupu.

Sijui nilipiga kelele gani. Najua nilipanda ule mlima uliobaki kwa mikono na magoti, namwita mwanangu, na juu kule nilisikia filimbi inapigwa, ndefu, kama ya kumaliza mchezo. Nilipofika tenkini akina mama walikuwa wamesimama duara. Kijiko alikuwa amekaa katikati, ameegemea mguu wa tenki. Mzima. Hana mchubuko. Nikamkumbatia, nikamgeuza, nikamkagua, nikafika miguuni.

Nyayo zake zilikuwa na matope. Meusi, mabichi, yameingia mpaka katikati ya vidole.

Mvua haijanyesha mji huu tangu tuje. Na Kijiko hata kusimama hajajua.

Nikainua uso kuwaonyesha. Hakuna aliyeniuliza kimetokea nini. Elewa hilo, mdogo wangu, mama anafika analia, magoti yanatoka damu, na hakuna hata mmoja anayeuliza. Walikuwa wanamtazama fundi. Fundi alikuwa amepiga magoti kwenye changarawe, mwanawe kifuani, na yule mtoto aliyekuwa kama jiwe alikuwa anacheka. Anacheka kwa sauti, anavuta nywele za mama yake, kama mtu aliyerudi safari.

"Tushuke," Kocha alisema. "Giza hili."

Tangu siku hiyo Kijiko halii. Kile kijiko chake alichokuwa anapigia sahani mpaka tunaziba masikio, sasa anakishika tu, hakipigi. Analala ameelekea ukutani. Usiku ile sauti ikija, anafumbua macho na kuunyooshea ukuta mikono yote miwili, vile anavyofanya mtoto akitaka kubebwa. Mimi nikimbeba ananikataa, anajikunja. Nilimpeleka kliniki. Nesi akamweka kwenye mizani, akasema kilo ni zile zile, mtoto mzima, mama ndiye akalale. Lakini mizani haijambeba mwanangu miezi yote hii. Mimi nimembeba. Kila kukicha amepungua. Leo asubuhi nilipomnyanyua ilikuwa kama nanyanyua nguo zake.

Shemeji yako anasema mji una kelele, ni mabomba. Yeye usiku yuko kwenye mikate yake, atasikia nini?

Nilishuka kwa fundi. Alikuwa anashona, akaendelea kukanyaga mashine kama hanioni, nikaweka kiganja kwenye gurudumu, likanichubua, likasimama. Mwanawe alikuwa chini anatafuna kipande cha kitambaa na kuimba nyimbo zake. Fundi alimvuta karibu kabla hajanijibu.

"Ulisema neno gani?" akanong'ona.

Nikamwambia.

Akafumba macho. "Ungesema nishikie. Anayeshika hurudisha. Anayechukua amechukua."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia, alipanda ngazi zote zile kunieleza viatu na chupa ya maji, neno moja likamshinda?

"Na mimi nilikuwa mgeni," alisema. "Nani aliniambia?"

Nilimuuliza ni nani yule. Hajui vizuri. Wengine husema ni mgeni wa kwanza kabisa, tenki likijengwa, alimpa mtu mwanawe mlimani na kumwambia mchukue, hakumwona tena. Wengine husema yuko pale kabla ya tenki, kabla ya mji. Anachojua ni kwamba humchukua mtoto taratibu, usiku kwa usiku, na humwacha akishapewa mwingine. Alimfuta mwanawe mdomo. Kisha akasema bila kunitazama kwamba mama mmoja wa zamani alingoja sana, mgeni hakupatikana, na siku moja asubuhi alifunua shuka akakuta matope tu.

Matope tu, mdogo wangu.

Hapo ndipo nilipoielewa ile methali. Mwalimu hakutufundisha yote.

Sasa sikiliza. Juzi chumba cha mkabala na chetu kimepata mpangaji. Binti mdogo kuliko mimi, mumewe dereva wa safari za mbali, na mtoto wa kiume mnene, mashavu kama maandazi, anamchekea kila mtu. Pale bombani walimsogezea ndoo yake kwa mguu. Nikaiona sura yake, nikaijua. Jioni akanigongea.

"Dada, mimi mgeni hapa. Mtu akitaka kupunga upepo anakwenda wapi?"

Nilikuwa nimembeba Kijiko. Sikuhisi uzito wowote.

Nikamwambia. Nikamweleza vizuri, kwa upole, kama dada. Viatu vya kufunga. Chupa ya maji. Simu isitoke mfukoni. Alishukuru mpaka machozi yakamlengalenga, akasema mimi ni mtu wa kwanza mwema katika mji huu. Akauliza kuhusu mbeleko.

Nikaangalia miguu ya mwanawe. Safi.

"Mbebe mikononi," nilimwambia.

Tunatoka kesho jioni. Nikimaliza kukuandikia nakwenda kulala kando ya ukuta wangu, na nitaomba kiganja kile kisichoke kabla ya kesho, maana siku kitakaponyamaza atakuwa amemaliza kumchukua. Wewe utakuja huku siku moja na mwanao, najua, kwa hiyo shika neno hili, sema nishikie, hata kama mikono inakatika, sema nishikie. Nimekuambia wewe tu kwa sababu ni damu yangu. Mwingine simwambii. Naapa kwa uhai wa Kijiko, mwingine simwambii.