Pumzi Ndani ya Bomba

Mwantumu aligundua kwamba mumewe hakai.

Mwanzoni alidhani ni haraka za kazi. Ukasha alikunywa chai amesimama mlangoni. Akala ugali amesimama, sahani mkononi, kama mtu aliyealikwa msibani na watu asiowajua. Lakini alipomkuta anakata kucha za miguu huku ameegemea ukuta, mguu mmoja juu, anarukaruka kwa ule mwingine, akashindwa kujizuia kucheka.

"Umekuwa korongo sasa?" akamuuliza.

Ukasha hakucheka. "Nikikaa, pumzi inakata," alisema, akaendelea na kucha zake.

Gereji yao ilikuwa Chanika, mjini Handeni. Watu bado waliiita "kwa Rehani", ingawa Rehani mwenyewe, baba yake Mwantumu, alikuwa ameshazikwa na arobaini yake imesomwa. Fundi yule alikuwa na mkono wa ajabu. Alichukua pikipiki za kawaida, zile zinazolia zikiona gunia la pili, akazikata, akazirefusha mgongo, akaziongezea shokapu, akazitengenezea keria ya kubeba mkaa hadi dereva haonekani. Usukani aliuinua juu kama pembe za ng'ombe wa Kimasai. Zilipita Kang'ata kwenye njia za mbuzi, zikafika Korogwe, zikarudi. Mafundi wa wilaya mbili wakaziiga, wengine vibaya mpaka unamwonea huruma mteja.

Uimara wa kazi yake ulikuwa shingoni, pale usukani unapoungana na fremu. Kila pikipiki aliipachika pale kipande cha bomba zito alilolikata kwenye kiwanda kimoja cha mkonge kilichokufa zamani huko Korogwe, katika mashine ya kusinga, ile inayochuna majani ya mkonge yatoe nyuzi. Chuma cha Mjerumani, alisema, na hakuna aliyebisha. Kabla ya kuziba bomba aliinama, akaweka mdomo kwenye tundu, akakaa hivyo kidogo, kisha akachomelea. Alikuwa anafanya nini? Hakusema, na hakuna aliyemuuliza. Mafundi wa zamani ndivyo walivyo, hawakufundishi. Ukitaka kazi, unaiiba kwa macho.

Ukasha aliingia pale kama kibarua, akatoka mkwe, na katikati aliiba kwa macho kila kitu. Mzee alipofariki, akajenga pikipiki yake ya kwanza peke yake. Akaitia shingoni kipande cha mwisho cha bomba lile. Akaweka mdomo kwenye tundu, akapuliza kwa nguvu zake zote hadi mashavu yakavimba, akaziba haraka. Mwantumu alikuwa pembeni akimtazama, na machozi yalimlenga kwa jinsi alivyofanana na marehemu. Pikipiki ile ikachukuliwa na Yordani, kijana wa Korogwe anayesafirisha machungwa.

Tangu siku hiyo Ukasha hakukaa tena. Usiku aliegemea mlango, akisinzia na kushtuka. Pahali pekee alipoweza kukaa ni juu ya pikipiki inayotembea, na akiisimamisha tu anaruka chini akishika kifua. Miguu ikavimba, mashavu yakamwingia ndani. Mwantumu alimkanda kwa maji ya moto, akamchemshia majani, akampeleka kwa daktari akaambiwa mapafu ni mazima. Aliogopa. Aliogopa kuwa mjane kabla hata hajamaliza kumlilia baba yake, na aliona haya kujisikia anamkasirikia mgonjwa kwa kutokaa tu chini.

Kisha ikaja harufu. Jua likiwa la utosi, saa ile ambayo wakubwa hukataza watoto kuzurura, nyumba ilinuka makapi ya mkonge yaliyooza, na pale Chanika gereji haikuwa jirani na shamba lolote la mkonge. Mwantumu alitafuta panya aliyekufa chini ya kitanda, nyuma ya kabati, ndani ya mapipa ya oili. Hakukuwa na panya.

Adhuhuri moja simu ililia. Alikuwa Yordani, anaongea kwa kunong'ona.

"Shemeji, fundi yuko hapo?"

"Yupo. Amesimama mlangoni."

"Una hakika?"

"Namwona kwa macho yangu. Kuna nini?"

"Pikipiki imeacha njia kuu nikiwa juu yake, shemeji. Imekata kona yenyewe ikaingia shamba la zamani la mkonge, ikasimama mlangoni mwa kiwanda kilichokufa. Nimezima, ufunguo ninao mfukoni. Sasa sikiliza, naiwekea simu shingoni."

Mwantumu akasikiliza. Kwanza upepo, halafu, karibu kabisa, mtu anavuta pumzi, anaitoa, anaivuta tena, na kila anapoitoa kuna kamluzi kembamba puani, kamluzi ambako Mwantumu alikuwa amelala nako sikioni tangu siku ya harusi yake na ambako angekatambua hata katika umati. Akainua macho amtazame mumewe pale mlangoni. Midomo ya Ukasha ilikuwa wazi. Kifua chake hakikupanda wala kushuka.

Siku hiyohiyo wakaenda Kwedizinga kwa Bi Kudra, mganga ambaye Rehani alikuwa akimtembelea zamani. Mama yule hakuwa na ngozi ya mnyama wala vibuyu ukutani. Alikuwa na simu mbili, beberu mkorofi na tenga la mahindi aliyokuwa akiyapukuchua. Walipomaliza kusalimiana, akamtazama Ukasha aliyekuwa anazunguka uani kama mbuzi aliyefungwa kigingini.

"Uliweka mdomo kwenye bomba?" akamuuliza.

"Niliweka, bibi."

"Ukasema nini?"

"Sikusema. Nilipuliza."

Mikono ya Bi Kudra ikaacha mahindi. "Ulipuliza," akarudia polepole. "Loo. Mkweo hakuwa anapuliza, kijana. Alikuwa anasema. 'Nimechukua chuma tu, wewe baki.' Maneno hayo nilimpa mimi. Ile mashine ina jini, na jini lile limezoea kuzunguka na mashine mchana na usiku. Kiwanda kimekufa, lenyewe halijatulia. Kila alipokata chuma, alilikataza lisimfuate. Wewe umelipatia pumzi yako na mlango umelifungia, ndiyo maana nawe huwezi kukaa."

"Mbona hakuniambia?"

"Ulimuuliza? Si uliiba? Ukiiga kunya kwa tembo utapasuka msamba."

Mwantumu alitaka kumjibu vibaya, akajizuia. "Atapona, bibi?" akauliza.

"Pumzi yake iko kule. Ikiisha kule, na huku imeisha." Bi Kudra akasogea karibu, akateremsha sauti. "Kesho nendeni palepale iliposimama. Kateni shingo, halafu mwenyewe aliyepuliza aseme maneno. Pumzi itamrudia. Lakini jini likitoka litatafuta pa kuingia. Litawaita, na lina sauti za kuazima. Msilijibu. Hata 'naam', hata kuguna. Likijibiwa limekaribishwa, na litaingia kwa aliye dhaifu kuliko wote."

"Twende pamoja, bibi."

"Mimi? Lile linanijua kwa jina," Bi Kudra alisema, akarudi kwenye mahindi yake.

Kesho yake jua la utosi liliwakuta Korogwe. Yordani aliwasubiri barabarani, rozari imezungushwa kiganjani, akamkabidhi Mwantumu ufunguo bila kumtazama usoni.

"Mimi naishia hapa, shemeji. Nisamehe."

Wakaingia wawili, Ukasha akitangulia kwa hatua za mtu anayesukumwa, Mwantumu nyuma yake na msumeno wa chuma, na mkonge uliokosa mwenyewe ulikuwa umeota ovyo pande zote mbili, na kadiri walivyosogea ndivyo ndege walivyonyamaza na harufu ya makapi yaliyooza ilivyozidi hadi akajiziba pua kwa kanga, ingawa makapi pale yalikuwa yamekauka na kugeuka udongo tangu yeye hajazaliwa, na mbele, chini ya paa lililong'olewa mabati, pikipiki ilikuwa imesimama bila stendi, wima, haikuegemea kitu, pembe zake zimeelekezwa kwao.

Ilikuwa inapumua. Ukasha akapokea msumeno, akauweka shingoni, akakata, na kwa kila msuguo wa meno ya msumeno alikohoa yeye, akakata akikohoa, akakata hadi Mwantumu akalazimika kumshika kiuno kwa mikono miwili asianguke, naye hakujua tena ni mwili upi kati ya ule wa nyama na ule wa chuma uliokuwa unatetemeka zaidi. Bomba likaachia. Ukasha akaweka mdomo.

"Nimechukua chuma tu," alisema. "Wewe baki."

Upepo wa moto ukatoka bombani ukampiga usoni. Akarudi nyuma, akayumba hadi ukutani, akateleza chini taratibu.

Akakaa.

Alikaa chini, miguu ameinyoosha, mgongo ukutani, kifua kikipanda na kushuka, dhaifu lakini chake mwenyewe. Mwantumu alilia kwa furaha bila kutoa sauti, kwa sababu alikumbuka katazo. Na kweli likaanza kuita. Mashine isiyo na mkanda wala mota ikanguruma. Filimbi ya mnyapara ikapulizwa sikioni mwake. Mwanamume akapiga yowe kwa lugha ngeni, kisha mtoto mchanga akalia chini ya miguu yake kabisa, na Mwantumu akauma pindo la kanga, akafumba macho, akamwomba Mungu, hakujibu. Ukasha naye hakujibu. Kelele zikafifia moja moja mpaka pakawa kimya.

Alifumbua macho. Ndege walikuwa wamerudi. Akainama kuokota msumeno.

"Mwantumu," sauti ikaita kutoka bombani, ikakohoa kikohozi kikavu cha tumbaku. Ilikuwa ya baba yake. Haikuwa na hasira. Ilikuwa sauti ya mzee aliyechoka, aliyekaa peke yake mahali kwa muda mrefu. "Mwantumu, mwanangu. Unanipita tu? Hata kuniamkia?"

Alikuwa amejiandaa kwa vitisho. Kwa hili hakujiandaa. Tangu alipojua kusema, alifundishwa, kwa maneno na wakati mwingine kwa fimbo, kwamba mkubwa haachwi akisubiri salamu, na aliyemfundisha ni huyuhuyu. Mwili wake ukafanya peke yake ulichozoea, goti likajikunja kidogo, macho yakashuka chini, na neno likatoka kabla akili haijalikamata.

"Shikamoo, baba."

Bomba likanyamaza. Harufu ikakatika palepale. Mwantumu akajiziba mdomo kwa viganja viwili, akasimama bila kuthubutu kugeuka.

Nyuma yake, pale ukutani, kikasikika kikohozi kikavu cha tumbaku, cha mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kuvuta.

"Marahaba, mwanangu," alisema mumewe.