Madafu ya Kamphon

Asubuhi ile, jamani, ua wa Mama Thongsuk ulinukia wali wa kunata na nyama ya kuchoma. Majirani walitwanga papai bichi huku wakitaniana. Kesho yake Kamphon, mwanawe wa pekee, angenyolewa na kuvikwa joho la njano la utawa, na mama angelishika pindo lake limvute mpaka peponi, kama waaminivyo kwao. Figo za mama zilikuwa zimechoka, naye alijua. Hakutaka kingine duniani.

Na huyo mtawa mtarajiwa? Yuko nyuma ya nyumba, anabugia dafu juu ya dafu. Vidonge vya yaba, ile dawa ya kulevya, alivivuta mpaka jana, na hekaluni hupimwa mkojo kabla ya wembe.

"Mwanangu, mbona madafu yote hayo?"

"Najisafisha, Mama. Joho linataka mwili safi."

Mama akalia kwa furaha. Mwongo yule hata haya hakuona.

Hekaluni mkojo wake ulitoka mweupe kama maji. Ulipotiwa dawa ya kupimia, ukageuka zambarau, alama ya yaba, mbele ya kijiji kizima.

"Labda ni madafu," Kamphon akanong'ona.

"Madafu yamekujaza kibofu tu," akasema mtawa mkuu. "Ini na figo zina mwendo wake, hazikimbizwi. Acha vidonge, usubiri, kisha urudi."

"Nitakungoja, baba," mama akamwambia mwanawe.

Kamphon akaapa. Akaacha siku mbili tatu, akavuta, akarudia madafu. Mjinga huyo figo zake nzima zilikuwa tayari kumsafisha bure, naye hakuzipa nafasi. Za mama zikagoma mvua zilipoanza, akafariki.

Wajomba wakamfungia Kamphon ndani matanga yote, asiguse kidonge. Siku ya kuchoma maiti, wana hunyolewa na kuvaa joho kabla ya moto, basi wakampima. Mkojo haukubadilika rangi. Akavikwa joho, akatangulia jeneza. Pindo liliburuzika matopeni, na hakuna aliyelishika.

Mafunzo

Mwili hauhongwi. Husafisha sumu wenyewe, polepole, ukiacha kuumwagia nyingine. Dafu wala siki haviuharakishi. Ajidanganyaye kwa ujanja wa kukwepa kipimo cha mkojo na aache leo, maana mwili wake unaweza kumsubiri, lakini mama yake naye ana siku zake.