Sufi Juu ya Mvua ya Mawe

Maiti ya Omwenga, askari wa msitu, ilikutwa Jumanne asubuhi na wanawake waliokuwa wakitafuta kuni juu ya Londiani, pale mashamba ya viazi yanapoishia na miti kuanza. Alikuwa amelala kifudifudi, kofia yake mkononi. Wanawake walikimbia hadi kituo cha polisi bila kuni, na mmoja wao akaapa kwamba aliyemuua ni marehemu Kebaso. Hakuna aliyemcheka. Ni mahali hapo hapo Omwenga alipompiga Kebaso risasi miaka miwili iliyopita, akidhani ni mwizi wa mbao, na kesi ikafa bila mtu yeyote kufungwa.

Inspekta Monicah Tonui hakuamini mizimu, lakini alipofika pale alijikuta akinong'ona kama mtu aliye msibani. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka magotini. Konstebo Lazarus alimwonyesha tundu la risasi mgongoni mwa marehemu.

"Shida ni hii, Madam," alisema Lazarus. "Hakuna mtu amesikia bunduki. Wale wa nyumba za karibu wanasema walisikia tu kama mlango umegongwa."

Mvua ya mawe ilikuwa imenyesha jana yake saa kumi jioni, na chini ya miti ilikuwa haijayeyuka bado. Monicah alichuchumaa. Kati ya mti mmoja mnene na maiti, juu kabisa ya mawe yale ya barafu, palikuwa na nyuzi nyeupe nyepesi, nyingine zimeungua ncha. Alizisugua kwa vidole, zikateleza.

"Hii ni sufi," alisema.

"Sufi ni nini?"

"Pamba ya mti. Nilifanya kazi Kilifi miaka sita, nikailalia kila siku. Huku haimei. Huku watu wanalalia sponji." Alizitia kwenye bahasha. "Na iko juu ya mawe. Kwa hivyo risasi ilipigwa baada ya saa kumi."

Mwenye bunduki ya leseni pande zile alikuwa mmoja tu, Njuguna, mkulima wa viazi na ng'ombe wa maziwa. Wiki iliyopita, Omwenga alipomkamatia ng'ombe msituni, Njuguna alimtisha mbele ya umati. Mtu akitaka kushukiwa, hakuna njia fupi kuliko hiyo.

"Nilisema nitamfanyia kitu mbaya, ndio," Njuguna alikiri. "Lakini mdomo si bunduki, Madam."

"Na bunduki yenyewe iko wapi?"

"Kwa kabati."

Kabati lilikuwa tupu. Njuguna alitokwa na jasho kwenye baridi ile ya Londiani.

"Sawa. Iko kwa fundi, Mzee Ombui. Najua sheria hairuhusu. Ananijazia risasi."

"Si risasi zinauzwa?"

"Za duka zina kelele sana. Ukipigia nyani karibu na zizi, ng'ombe wanashtuka, wanakataa kuachilia maziwa siku nzima. Mzee anaweka baruti kidogo, halafu juu anaweka kitu chepesi cha kuishikilia isihamehame. Inalia tu puu! Nyani wanakimbia na ng'ombe wanaendelea kutafuna."

"Jana baada ya saa kumi ulikuwa wapi?"

"Chepseon. Lori langu la viazi lilikwama kwa matope mpaka giza."

Lazarus alipiga simu. Wapakiaji watatu wa Chepseon walithibitisha, tena kwa hasira, kwamba Njuguna aliwatukana jioni nzima akiwa amesimama pembeni na mwavuli.

"Huyu Ombui," Monicah aliuliza, "si ndiye baba yake Kebaso?"

"Ndiye. Kijana alikuwa anafanya kazi hoteli huko Kilifi. Alirudi nyumbani, hata mwezi hakumaliza kabla ya kupigwa risasi," alijibu Lazarus.

Monicah aliitazama ile bahasha mkononi. Hakuipenda kesi hii tena.

Mzee Ombui walimkuta mlangoni kwake, amekwisha kuvaa koti la kutokea. Bunduki ilikuwa imeegemezwa ukutani. Mkewe Nyambeki alikuwa ndani karibu na meko, mgongo kwao.

"Ni mimi," alisema mzee, akinyoosha mikono yote miwili. "Nilimpiga huyo mtu. Twendeni."

"Karibu, Mzee, keti kwanza. Ulimpiga na risasi gani?"

"Hizi za nyani. Ukimpiga mtu kutoka karibu, hata hizi zinaua."

"Ile kitu chepesi unaweka juu ya baruti, ni nini?"

"Unga wa mahindi. Siku zote ni unga."

"Na ile ya Omwenga?"

"Unga, Madam. Nimesema siku zote."

Lazarus alifungua moja ya risasi zilizobaki kwenye mkebe. Ukamwagika unga. Alifungua ya pili, unga pia. Ndipo Monicah alipoifungua bahasha na kuiweka mbele ya mzee. Ombui alitazama zile nyuzi, kisha, kabla hajajizuia, akageuka kumtazama mkewe. Uso wa mzee ulionyesha hofu tupu.

"Andika unga," mzee alimsihi Inspekta. "Andika ni mimi. Mimi ni mzee, jela ni kitanda tu."

Lazarus alikuwa ameshika kalamu, akingoja. Monicah alitamani sana kumwambia aandike. Angekuwa mwongo kusema hakutamani.

"Siwezi, Mzee."

"Mwacheni," alisema Nyambeki, akageuka. "Huyo hata kuku hachinji. Nimekaa karibu na meza yake miaka mingi, nimeona vile anafanya."

"Unga uliisha, Mama Kebaso?"

"Unga ulikuwepo." Alijipangusa mikono kwenye leso. "Kebaso aliniletea mto kutoka Kilifi. Alipokufa, watu walisema matandiko yake yatolewe, yachomwe. Nilichoma yote, mto nikauficha. Mimi ndio nilikuwa nalalia. Nilikuwa namsikia akipumua ndani, Madam. Kila usiku. Baba yake anasema ni upepo."

"Na Omwenga?"

"Kila Jumatatu jioni anakuja pale alipoangusha mtoto wangu. Anasimama. Anavua kofia!" Sauti ilimpanda kwa mara ya kwanza. "Nani alimpa ruhusa ya kuhuzunika? Mimi naona kutoka shambani, yeye anavua kofia. Nikasema basi, Kebaso aende naye mwenyewe. Nikatoa sufi ya mto wake, nikajaza kwa risasi, nikangoja nyuma ya mti."

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, husema watu, halafu huenda zao nyumbani. Monicah hakuwa na mahali pa kwenda. Alimfunga pingu mwenyewe, polepole, akihakikisha hazimbani. Ombui aliishika leso ya mkewe asitake kuiachilia, na Lazarus akalazimika kuvitenganisha vidole vyake kimoja kimoja.

Walipofika nje Nyambeki alisimama ghafla.

"Hamjaniuliza kama nililala jana."

"Ulilala, Mama?"

"Niliweka kichwa kwa mto ule ule. Nikatega sikio mpaka jogoo akawika." Alimtazama Inspekta kama mtu anayetaka kurudishiwa kitu. "Kimya, Madam. Hapumui tena. Sasa ndio amekufa."