Mbolea Iliyorudi Hewani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Gaudensia alikuwa na kazi ambayo hakuna aliyehitaji kumkumbusha. Alizoa majivu jikoni, akatoa makaa kwa vidole, kisha akamwaga majivu ndani ya kopo kubwa la mafuta walilorudi nalo kutoka Tanzania. Huko, kwenye kambi ya wakimbizi alikozaliwa, majivu yalikuwa mali. Bustani za huko zilikuwa ndogo kama mkeka, na mama yake, Emerensiana, alisifika kwa kuchanganya majivu na samadi ya mbuzi mpaka mchicha ukafika magotini.

Sasa walikuwa na miaka miwili tangu warudi kwao Giteranyi, mkoani Muyinga, na shamba lao halikuwa dogo kama mkeka tena. Lilikuwa la mahindi, na udongo wake ulikuwa umechoka. Jirani yao, mzee Ignasi, hakuwahi kuikimbia nchi, na alilijua kila bonde la pale. Lakini siku ya kwanza waliporudi aliwaita "Watanzania." Labda alitania tu. Emerensiana hakucheka, na tangu siku hiyo alipita mbele ya mlango wa mzee huyo kama anayepita mbele ya ukuta.

"Hatuna la kumuuliza mtu," alizoea kusema. "Kulima tunajua."

Mwaka huo Gaudensia alikuwa na miaka kumi na mitatu, na jambo moja tu lilimnyima usingizi. Mama yake mdogo, Lucia, aliyekaa mtaa wa Yoba mjini Gitega, alikuwa amekubali kumchukua ili asome huko. Sharti lilikuwa moja: "Aje, lakini aje na chakula chake. Magunia mawili ya mahindi." Magunia hayo yalikuwa bado shambani, na mahindi hayakuwa yamefika hata kiunoni.

Likizo ya Pasaka ilimkuta Gaudensia huko Yoba kwa mama mdogo. Mbolea ilikuwa haijafika Giteranyi, kwa hiyo Emerensiana aliuza mbuzi wao, akamtumia mtoto pesa, akamwagiza anunue urea Gitega. Gaudensia akashuka kwa miguu hadi mtaa wa Magarama, kwenye duka la Bi. Rashida, mwanamke wa Kihindi ambaye familia yake ilikuwa ikiagiza bidhaa kutoka nje tangu enzi za babu zake.

"Shikamoo, Mama Rashida."

Wateja wawili wakaangua kicheko kusikia salamu hiyo ya Kitanzania. Rashida akawatupia jicho. "Marahaba, mwanangu. Weye ni wa wale waliorudi. Unataka nini?"

Alipotajiwa bei, Gaudensia alishtuka. Pesa ya mbuzi mzima ilitosha kilo kumi tu!

"Si mimi niliyepandisha," Rashida alisema huku akipima chembe nyeupe kwenye mizani. "Ni gesi. Bon, nikuambie. Naitrojeni iko hewani, hapa mbele ya pua yako, ya bure. Mais, lakini mhindi hauwezi kuila hewani. Huko viwandani wanachukua gesi ya ardhini, wanaipika na mvuke wa maji kwa moto mkali sana, inageuka gesi ya mchanganyiko. Ndani ya ile wanatoa haidrojeni, wanaifunganisha na naitrojeni ya hewa, inakuwa amonia. Amonia ndiyo inazaa urea hii. Gesi ikipanda huko ng'ambo, na mimi napandisha hapa Magarama. Wanasema siku hizi iko viwanda vinatoa haidrojeni kwenye maji, kwa umeme wa jua. Labda bei itashuka. Labda mimi nitakuwa bibi kizee tayari."

Kisha akainua kidole. "Sasa sikia namna ya kuitumia. Usiichanganye na majivu, wala—"

Wale wateja wawili walikuwa bado wanamtazama. Gaudensia aliona haya kufundishwa kulima mbele ya watu waliokwisha kumcheka. Akakaza shingo kama alivyomwona mama yake akifanya.

"Tunajua, Mama Rashida. Kwetu sisi ni wakulima."

Rashida akashusha kidole. "Voilà. Kama munajua, sawa."

Emerensiana aliupokea ule mfuko Giteranyi kwa mikono miwili. Kilo moja aliitenga kwenye kopo kwa ajili ya kabichi, kisha akauliza, "Muuzaji amesema tuitumieje?"

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi ya kusema. Neno "majivu" lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Lakini angesemaje kwamba alimkatiza mtu mzima katikati ya maneno?

"Hakusema kitu," alijibu.

"Basi tutafanya tunavyojua sisi," alisema mama. Wakazimwaga kilo tisa ndani ya beseni, wakachanganya na majivu na samadi mbichi ya mbuzi ili ziongezeke, wakanyunyizia maji, wakafunika kwa majani ya mgomba. Gaudensia alipokuwa akikoroga, roho ilimsuta. Akajiambia kwamba kambini mchicha ulistawi vizuri tu.

Siku ya pili harufu kali ilijaa uani. Iliwachoma pua na kuwatoa machozi.

"Ina nguvu kweli hii!" Emerensiana alisema akipangusa macho, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo Gaudensia hakuwa ameiona tangu waliporudi. Mzee Ignasi alisimama kwenye ua, akakohoa, akafungua kinywa. Emerensiana akampa mgongo. Mzee akafunga kinywa chake na kwenda zake.

Siku ya nne waliitawanya ile mbolea shambani. Baada ya wiki tatu mahindi yalikuwa ya njano, kuanzia majani ya chini kwenda juu. Wapita njia walipunguza mwendo wa baiskeli ili waangalie vizuri.

"Yule mwanamke ametuuzia chumvi," Emerensiana alisema. Alilisema neno hilo kisimani, akalisema sokoni, na maneno yalipanda baiskeli kabla yake. Gaudensia alikuwepo kila mara, na kila mara alinyamaza.

Hatimaye mama na mtoto wakafunga safari hadi Magarama. Emerensiana alianza kupiga kelele akiwa bado mlangoni. Wateja walitoka mmoja mmoja, na mmoja alirudisha hata mfuko aliokuwa amekwisha kupimiwa.

Rashida alijaza kikombe maji. Alichota urea kwenye gunia lile lile, akaitia humo, akakoroga, akampa Emerensiana. "Shika, mama."

Kikombe kilikuwa baridi mno.

"Chumvi haifanyi maji kuwa baridi namna hii. Ni urea. Sasa nyinyi muliifanya nini?" Akamgeukia Gaudensia. Sauti yake haikuwa ya hasira, na hiyo ilimuumiza zaidi. "Mwanangu, mi sikukuambia habari ya majivu?"

Mama alimtazama. Gaudensia aliona magunia mawili, aliona Yoba, aliona duka lililobaki tupu mchana kweupe. Akalia kabla hajasema.

"Aliniambia, mama. Nikamkatiza. Nikasema tunajua. Kisha nikakudanganya kwamba hakusema kitu."

Emerensiana hakumpiga. Aliketi juu ya gunia kama mtu aliyetembea siku nzima.

"Urea ikikutana na samadi mbichi inageuka amonia," Rashida alieleza polepole. "Majivu yanaifukuza iende hewani upesi. Ile harufu iliyowatoa machozi, ndiyo ilikuwa mbolea yenu. Watu wamechoma gesi ng'ambo kuitoa hewani, nyinyi mumeirudisha hewani." Akatazama duka lake tupu. "Pole, mama. Mais mimi pia niko na shida. Wateja wangu wa Muyinga hawaji tena. Nani atawaambia?"

Aliyewaambia alikuwa Gaudensia. Siku ya soko, Giteranyi, alisimama karibu na wauza maharage, mama yake ubavuni, akasema yote. Baadhi ya watu walicheka. Hakuna aliyempa pole.

Jioni walibisha kwa mzee Ignasi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka miwili.

"Mi nilisikia ile harufu siku ilipoanza," mzee alisema. "Nilijua inapotea. Nilitaka kusema. Mais miaka mbili muko hapa, hamujanisalimia hata siku moja. Nikanyamaza. Na mimi nilikosa."

Alikuja shambani na kizibo cha soda. Ile kilo moja iliyotengwa kwa kabichi ilikuwa bado kwenye kopo. Akawaonyesha: kishimo kidogo kando ya mhindi, si kwenye shina, kizibo kimoja, fukia udongo papo hapo, tena udongo uwe na unyevu. Ikatosha mistari minne tu, iliyopakana na njia.

Mwezi wa saba mistari hiyo minne ilizaa mahindi mazito, japo ilichelewa kupewa chakula chake. Nyuma yake shamba lote lilitoa vigunzi. Mavuno hayakujaza gunia moja. Ujumbe wa simu kutoka Yoba ulikuwa mfupi: mama mdogo Lucia alisikitika, watoto wake mwenyewe walikuwa wanne, labda mwaka ujao.

Gaudensia alikuwa akipukuchua mahindi. Emerensiana akaketi karibu naye, akachukua gunzi.

"Sikiliza, mwanangu. Hatukukosa mbolea. Tulikuwa na mwalimu Magarama na mwalimu mwingine nyuma ya ua wetu. Wewe uliogopa kuonekana hujui, ukadanganya. Uongo wako ulikula mavuno yetu, ukala na jina la mtu asiye na kosa. Lakini lile neno 'tunajua' hukulianza wewe. Ulilisikia kinywani mwangu. Asiyejua akiuliza, anaona haya dakika moja. Sisi tumeona haya msimu mzima, na wewe umepoteza mwaka wa kusoma Gitega."

Oktoba waliingia tena duka la Magarama, na duka lilikuwa na wateja. Rashida alipima chembe nyeupe, akafunga mfuko, akasita.

"Munajua kuitumia, au niseme?"

Watu walikuwa wakitazama. Gaudensia alihisi joto likimpanda usoni, naye hakuinamisha kichwa.

"Hatujui vizuri, Mama Rashida," alisema. "Tueleze tangu mwanzo."